Kinyago na Mtakatifu Chini ya Paa Moja



Juma hili natuongee habari ya mti. Si mti wa kuni, bali mti wa kuchonga. Maana katika nyumba nyingi za Masasi na Newala vimo vitu viwili vya mti: kinyago alichokiacha babu, na sanamu ya Mtakatifu iliyo ukutani. Siku moja mtoto anauliza: "Baba, kwa nini kile mwakiita cha kipagani, na mbele ya hii twapiga magoti? Si yote ni miti?" Baba anakohoa kidogo, kisha anamtuma mtoto akaangalie mbuzi.

Usimtume kwa mbuzi, ndugu yangu. Swali lake ni jema. Mjibu.

Mwanzie na hadithi ya wazee. Karl Weule, mtaalamu Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliisikia hadithi hii akaiandika, lakini bibi zetu waliijua kabla yake. Hapo kale, karibu na Mahuta, alikuwako mtu mmoja porini, hanyoi, haogi, yu peke yake. Akachukua mti, akachonga sanamu, akaisimamisha nje. Asubuhi akaona imekuwa mwanamke. Wakakaa pamoja. Mtoto aliyezaliwa karibu na maji ya Ruvuma hakuishi. Wakahama, na wa pili naye hakuishi. Waliporudi juu, kwenye nyika kavu, ndipo wa tatu akaishi. Huyo ndiye asili ya Wamakonde.

Sasa angalia vizuri. Je, wazee walisema, "Sisi twaabudu mti"? Hapana. Walisema, "Sisi tunaye mama." Mti umetajwa ili mama akumbukwe. Na vinyago vya ngoma, vinavyochongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa wakati wa jando na unyago, vililetwa uwanjani ili vijana wajue kwamba wahenga wapo nyuma yao, na kwamba utu una sheria.

Kanisa nalo lina neno lake. Katika Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, maaskofu walifundisha kwamba heshima tunayoitoa kwa sanamu humwendea yule anayeonyeshwa na sanamu ile. Mti unabaki mti. Twaheshimu Watakatifu kwa kuwa ni rafiki za Mungu, twawaomba watuombee, bali kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Basi mwambie mtoto hivi: "Usiulize kwanza ni mti gani. Uliza ni nani tunayemkumbuka, na tunamwomba nini." Babu mkumbuke, mheshimu, mwombee tarehe 2 Novemba pamoja na marehemu wote. Lakini ukikiwekea kinyago unga ili kikupe mali au kimdhuru jirani, hapo umepotea njia. Na ukiivaa medali ya Mtakatifu kama hirizi, nawe umepotea vile vile.

Nasema haya kwa sababu ya vijana wetu. Yupo mzazi anayemnyang'anya mwanawe tezo na patasi, akisema kuchonga ni kucheza na mapepo. Wahenga walikwisha kumcheka mtu kama huyo: kinyago ukichonge mwenyewe, kisha kikutishe?

Mtazameni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 katika nchi hii ya Masasi, akajifunza kuchonga kama vijana wengine. Katika miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na mtawa Mkatoliki, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Mlinzi huyo akaonyesha kazi ya mikono yake. Akachora na kuchonga mashetani ya hadithi, yenye masikio makubwa na matumbo makubwa, mpaka mtazamaji anacheka badala ya kuogopa. Alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya, Marekani na Japani. Mtawa hakumfukuza kwa ajili ya hadithi za kwao. Alimpa nafasi.

Na fundi huyo huyo anayechonga hadithi za bibi aweza pia kuchonga Watakatifu. Zamani sanamu zetu nyingi zilikuja kwa meli, za plasta, nyuso za kizungu. Tangu tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa Watakatifu, kijana wa Newala hana haja ya kutafuta mbali. Karoli Lwanga aweza kutoka ndani ya mpingo, mweusi kama alivyokuwa.

Lakini neno moja kwa fundi: usichonge jina usilolijua. Nimewaona wanaouza "Yosefu" barabarani, na ukiwauliza Yosefu alikuwa nani, wanakutajia bei tu. Hata mama yule wa Mahuta wanamuuza hivyo hivyo, hawajui habari zake. Huyo amepoteza urithi mara mbili, wa babu na wa ubatizo.

Basi, wazazi, Jumapili hii baada ya chakula chukueni vitu vile viwili, viwekeni mkekani. Bibi asimulie cha kwake, baba asimulie habari za Mtakatifu. Watoto waulize watakavyo.

Na tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu seremala, mvua ikiwa bado ipo, kila mwenye patasi apande mche wa mpingo. Mti huo hukua polepole, miaka 70 hata 100. Hutauchonga wewe. Atauchonga mjukuu wako, naye atauliza ni nani aliyeupanda.