Mtoto kamaliza Form Six. Altezza ya nini?

Jumapili iliyopita niliitwa kwa mjomba, Tabata. Kikao cha familia. Ajenda ilikuwa moja tu: binamu yangu kamaliza Form Six mwezi Mei, ana miaka 19, leseni keshapata, na mjomba katenga shilingi milioni 13 za kumnunulia gari kabla chuo hakijafunguliwa. Dalali alikuwa keshatuma picha. Altezza ya silva, rimu kubwa nyeusi, vioo vya giza, na maelezo chini yake: injini haijaguswa, AC mpaka unaganda.

Simu ikazunguka sebule nzima. Mama mkubwa akauliza kama hakuna rangi nyeupe. Mjomba mdogo akauliza inakunywaje mafuta. Bibi, ambaye ana akili kuliko sisi wote, akauliza ikiuzwa mwakani hela itarudi? Mimi nikauliza matairi ni ya mwaka gani.

Watu walicheka, wadau. Mjomba akasema, "Mwandishi bwana! Sasa hata tairi unataka liwe na cheti cha kuzaliwa?"

Linacho, mjomba. Kimeandikwa ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa ile namba inayoanza na herufi DOT. Ukikuta 1409, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009. Lakini sikusema. Mbele ya wakubwa, na pilau linakaribia kuiva, mtoto wa dada habishani sana. Kwa hiyo nabishana hapa, mahali ambapo naweza kumaliza sentensi bila kuambiwa nikaongeze maji ya kunawa.

Hoja yangu ni hii. Gari la kwanza la kijana wa mjini halinunuliwi kwa ajili ya kijana. Linanunuliwa kwa ajili ya majirani. Ndiyo maana maswali yote ya kikao yalihusu kinachoonekana getini na kinachobaki mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: huyu mtoto, ambaye hajawahi kuendesha peke yake usiku wa mvua, akikanyaga breki ghafla pale Buguruni, gari litafanya nini?

Tuanze na hiyo Altezza. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 na wakaacha mwaka 2005. Maana yake ni rahisi: Altezza yoyote unayoiona leo mjini, hata ile iliyopigwa rangi jana, ina umri wa kumzidi anayenunuliwa au unaokaribiana na wake. Inasukumwa na matairi ya nyuma. Toleo la RS200 lina nguvu za farasi 200 au zaidi. Lile la AS200, lenye pistoni sita, lina kama 160. IST yenye injini ndogo ya 1.3 haifiki hata 90. Sasa chukua gari linalosukuma kwa nyuma, lenye nguvu karibu mara mbili, weka matairi yaliyochoka, weka barabara yenye mchanga na mafuta ya malori, halafu mpe usukani mtu mwenye leseni ya wiki tatu na marafiki wanne ndani wanaomwambia "kanyaga mwanangu". Hapo hakuna zawadi.

Na injini zake zote zinatumia mkanda wa taiming, si cheni. Mkanda una muda wake wa kubadilishwa. Muulize dalali ulibadilishwa lini. Atakwambia gari lilikuwa la mzungu.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichekesha mpaka likaniudhi. Dada yake binamu yangu alipoanza chuo miaka minne iliyopita, mjomba huyohuyo alimnunulia Vitz. Kikao hakikuitishwa. "Mtoto wa kike, Vitz inamtosha." Amekwenda nayo Mlimani na kurudi miaka minne, gharama zake ni oili, breki pedi na betri moja. Sasa kijana kaambiwa hapewi Vitz kwa kuwa ni gari la kike. Yaani katika familia yetu binti hupewa gari la kumfikisha, kijana hupewa gari la kumtambulisha. Halafu tukiona nani anakufa zaidi barabarani tunashangaa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na wanaume wanakufa kwa wingi kuliko wanawake. Si malaria. Si ukimwi. Barabara.

Nisieleweke vibaya, kuna kundi la pili ambalo ni baya zaidi, nalo lilikuwepo pale sebuleni. Hili linasema: "Msimpe gari zuri, ataligonga. Mnunulieni mkweche wa milioni 4 ajifunzie." Inasikika kama busara. Wazee wanatikisa kichwa. Lakini hebu sikilizeni mnachosema. Mnajua kabisa ataligonga, na kwa kuwa mnajua ataligonga mnaamua kumweka ndani ya gari lisilo na breki za maana, mikanda imekatika, na fremu ilishawahi kunyooshwa kwa nyundo Gerezani. Mnachookoa pale ni bodi la gari. Kijana mnamwachia Mungu.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nikiwa mwaka wa pili chuoni tulimzika mwenzetu. Kaka yake alikuwa amempa gari lake la zamani, lile la "kujifunzia". Walikuwa wanatoka Morogoro, wamepita Chalinze, mchana kweupe, hakuna lori lililowafuata wala ng'ombe aliyekatiza. Tairi la nyuma lilipasuka, gari likapinduka. Nilikwenda kuliona gari hilo kituoni, sijui kwa nini nilikwenda, labda tayari nilikuwa na ugonjwa wa uandishi. Tairi lililobaki upande wa pili lilikuwa na meno mazuri tu. Sikujua kusoma zile namba wakati huo. Nilizipiga picha, nikaja kuzielewa baadaye. Lilikuwa na miaka 11. Watengenezaji wengi wa matairi wanasema likifika miaka 10 litolewe, hata kama halijawa kipara, kwa sababu mpira unakauka na kupasuka ndani ambako macho hayafiki. Na kwa jua letu hili usisubiri hata hiyo kumi.

Msibani kila aliyesimama alisema ajali haina kinga. Mimi pia nilisema. Leo hii sentensi hiyo ikitamkwa mbele yangu natoka nje. Matairi manne ya gari dogo ndiyo yaliyokuwa kinga, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko turubai, viti na chakula cha siku tatu.

Turudi sokoni. Watu wananiuliza, kwani serikali haikagui haya magari yanaposhuka bandarini? Serikali inachojali zaidi kwenye umri wa gari ni ushuru: likiwa la zamani unaongezewa ushuru wa uchakavu, unalipa, unaondoka nalo. Wenzetu Kenya wamekataza kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaruhusu, mradi ulipe. Sisemi tuige Kenya, maana tukiiga wengi wetu tutapanda mwendokasi mpaka tustaafu (mimi napanda, najua ninachosema). Nasema kama umeruhusiwa kununua gari la miaka 18, kazi ya kulikagua imebaki kwako, na picha za kwenye simu hazitaifanya.

Na hili la mifuko ya hewa ndiyo linaninyima usingizi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari, zikiwemo Corolla na Honda Fit za miaka ya 2000. Baruti yake, amonia naitreti, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya ajali badala ya kufura vizuri inapasua kopo lake na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Magari yaliitwa kurudishwa kiwandani dunia nzima, Takata ikaomba kufilisika mwaka 2017. Joto na unyevu, ndugu msomaji. Hebu fikiria mji gani una joto na unyevu mwaka mzima. Wenye kampuni za magari wana kurasa za kuangalia kwa namba ya chesesi kama gari lako limo na kama lilishabadilishiwa. Ni dakika tano. Tunatumia muda mrefu zaidi kuchagua mlio wa simu.

Kipimo kingine ni cha bure. Washa switchi bila kupiga stata. Taa ya mfuko wa hewa lazima iwake, ikae sekunde chache, izime. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu mtu ameing'oa makusudi ili usiulize. Vivyo hivyo taa ya ABS. Nimeshawahi kuoneshwa kwenye yadi moja gari ambalo dashibodi yake ilikuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Muuzaji akasema "si unaona, halina taa hata moja". Kilomita zake zilisoma 58,000 na pedeli ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma.

Sasa mtaniuliza, ewe mjuaji, anunuliwe nini? Haki yenu kuuliza.

Wamarekani wana taasisi ya utafiti inayofadhiliwa na kampuni za bima, IIHS, na tangu 2014 inatoa orodha ya magari ya mtumba yanayowafaa vijana. Orodha yao hatuwezi kuinakili, magari yao siyo yetu. Lakini misingi yao haina utaifa: lisiwe na nguvu nyingi, lisiwe dogo mno maana likigongana na kubwa dogo ndilo linaloumia, na liwe na ule mfumo wa kompyuta unaokamata breki za tairi mojamoja gari linapoanza kuteleza. Utafiti wao ulionesha mfumo huo unapunguza karibu nusu ya hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake. Kwa hiyo kwa kipimo chao hata ile Vitz ya dada mtu haipiti, na mimi ni lazima nikubali hivyo hata kama inaniharibia hadithi. Ikinibidi nitaje, nataja Allion ya 1.5. Gari la mwalimu mkuu. Hakuna atakayegeuza shingo. Injini yake ni 1NZ, hiyohiyo iliyoko kwenye IST ya 1.5, inatumia cheni, spea zake zipo Kariakoo mpaka Tunduma, na mwili wake ni mkubwa kidogo. Ikimbie ile ya 2.0 yenye maandishi ya D4, mafuta yetu na zile nozeli hawapatani. Ukipata yenye taa ya kigari kinachoteleza kwenye dashibodi, umepata. Usipoipata, chukua iliyo nzima, na kwenye zile milioni 13 toa kwanza pesa ya matairi mapya manne, bima kubwa na gereji, ndipo ujue gari lenyewe unanunua la shilingi ngapi. Sisi tunafanya kinyume: gari linakula yote, kisha tunakata bima ndogo na kuomba dua.

Ukishalinunua, mlinde kijana dhidi ya mafundi wetu. Kuna fundi ambaye gari likichemsha dawa yake ni kutoa themostati na kujaza maji ya bomba. Kuna fundi atakayemimina oili ya kawaida ya gia kwenye gia boksi ya CVT kwa sababu "oili ni oili". Huyo atakuulia gari miezi sita, na atakuwa wa kwanza kusema magari ya siku hizi mabovu.

Najua kuna mtu atasema haya ni matatizo ya watoto wa wenye nacho, wengi hawana hata baiskeli. Kweli. Lakini Altezza ikiteleza pale Ubungo haimgongi mtoto wa mwenye nacho. Inamgonga aliyeko kwenye bodaboda, na mama wa machungwa.

Jana usiku binamu yangu kanitumia ujumbe: "Broo usiniharibie." Nimemjibu namtakia maisha marefu, akaniwekea alama ya kucheka. Leo asubuhi nimempigia dalali mwenyewe, kwa heshima zote, nikamwambia Jumamosi saa mbili tunakuja na fundi wetu, tutalipeleka gari gereji, tutalinyanyua juu na kulitazama chini. Akasema bosi wake haruhusu gari litoke yadi, tulikague palepale. Nikamuuliza je, kulinyanyua na jeki palepale? Akasema atanipigia.

Sasa ni saa kumi jioni. Hajapiga. Namba nimempa mjomba aendelee kusubiri yeye.