Mchunguzi Apite, Daftari Libaki



Akija karani wa takwimu kuuliza mshahara, wengi wetu hunyamaza au humpa uwongo. Twaogopa kwamba maneno yatafika kwa tajiri au kwa watu wa kodi. Hofu hiyo naijua, lakini kunyamaza kwatuumiza sisi wenyewe.

Tazameni Ujerumani. Mwaka 2015 kiliwekwa kima cha chini cha mshahara, yuro 8.50 kwa saa, na mabwana wengi wakatabiri kuwa kazi zitapotea. Wachunguzi wa London, pamoja na wenzao wa taasisi ya uchunguzi wa kazi ya Nuremberg, wakapima kwa madaftari ya bima ya wafanya kazi. Mwaka 2022 wakatangaza: mishahara ya chini ilipanda, na kazi hazikupungua. Mwenye jibu kama hilo mkononi hana haja ya kupiga kelele mbele ya matajiri.

Lakini madaftari hayo yana siri za watu. Mgeni atafunguliwaje? Ufaransa wana kituo kiitwacho CASD. Mchunguzi, hata aliye nchi nyingine, hupewa kisanduku kifunguliwacho kwa kadi na alama ya kidole chake. Kwa hicho huzifanyia kazi hesabu, lakini zenyewe hubaki katika mashine za kituo. Hawezi kuzinakili wala kuzichapa. Hata jibu lake hukaguliwa kabla halijatoka. Sisi wa reli twaijua lakiri ya behewa livukalo Malaba. Hapa behewa halitoki stesheni kabisa. Mtu ndiye aletwaye dirishani.

Wengine husema, futeni majina, yatosha. Haitoshi! Stesheni ndogo ina stesheni masta mmoja tu. Futa jina lake, bado cheo na mahali vyamtaja.

Kenya tunayo Sheria ya Takwimu ya 2006, inayolinda siri ya anayejibu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, yenye masharti juu ya kupeleka habari za mtu nchi za nje. Basi chama chetu kiombe Serikali yetu na zile za Uganda na Tanzania zifungue dirisha la namna hiyo kwa wachunguzi wa pande zote, na mtu wa vyama vya wafanya kazi akae katika halmashauri itoayo ruhusa. Atakaye kulibeba daftari lenyewe, hata akija na barua ya chuo kikuu, arudishwe mlangoni.