Mwanachama wa Tawi si Ngazi
Mwaka 2015 wanachama wa CHADEMA wa Babati Mjini walipiga debe mtaa kwa mtaa, na Pauline Gekul akaingia bungeni. Mwaka 2018 akahamia CCM, akarudi kwenye kiti kilekile. Ibara ya 71 ya Katiba humvua ubunge anayehama chama, lakini haimlazimu kuwauliza kwanza waliomchagua. Katika vyama vyote, uongozi humkumbuka mwanachama wa tawi wakati wa kampeni. Kura zikishahesabiwa, vikao haviitishwi. Anayelipa ada na kuacha palizi ili akutafutie kura si ngazi ya kupandia na kuisukuma. Viongozi wa Babati, itisheni vikao vya matawi, toeni hesabu, sikilizeni kabla ya kuamua.