Anza na ua moja, si blanketi zima

Umeliona lile blanketi la viraka kwenye simu, maua chungu nzima ya vitambaa, ukasema, "Hiyo ni ya watu wenye mashini." Sikubaliani nawe. Mtindo huu wa Kiingereza hushonwa kwa mkono, na siri yake ni karatasi. Kuna vijana hapa Kakamega wanangoja mkopo wa mashini ndio waguse sindano. Watangoja sana.

Vitambaa vipo. Omba fundi wa nguo akuwekee mabaki ya vitenge. Kata pembesita saba za karatasi ngumu, jalada la daftari kuukuu ni sawa, kila upande sentimita 2.5. Hapa usiharakishe: karatasi moja ikizidi milimita mbili, ua zima litakataa kulala. Kitambaa kizidi karatasi kidogo pande zote, kunja kingo, shikiza kwa mishono mirefu. Kisha unganisha ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo, kimoja katikati, sita kukizunguka. Karatasi hutoka kipande kikishazungukwa na wenzake. Ukiitoa mapema, umbo hulegea.

Mimi nilianza kwa kukata vipande mia tatu siku moja, nipige picha. Mfuko ule bado uko chini ya kitanda, bana. Mtindo wenyewe haukunishinda, hesabu ndiyo iliyonishinda. Sasa nashona ua moja kwa wiki. Ukifikisha la saba ndipo uamue kama unataka blanketi au foronya tu.