Kompyuta Ikianza Kugonga

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha akina mama katika usharika wake. Kompyuta ya nyumbani kwake imeanza kutoa mlio wa kugonga-gonga, na faili moja huchukua dakika nyingi kufunguka. Ndani yake mna hesabu za michango ya kikundi za miaka 6, na picha za marehemu mama yake mzazi. Anauliza kama vitu hivyo vimekwisha kupotea. Tena anasema baba watoto anashauri waiwashe na kuizima mara kwa mara mpaka ikubali.

Dada mpendwa, huenda havijapotea. Lakini hilo la kuwasha na kuzima, mwambie baba kwa upole kwamba si sawa hata kidogo.

Vitu vyote unavyoviweka kwenye kompyuta ya namna hiyo hukaa katika hadi diski, yaani kijisanduku cha chuma ambacho ndani yake mna visahani vyembamba vinavyong'aa. Visahani hivyo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa sumaku. Hakigusi kisahani, ila nafasi iliyopo kati yao ni ndogo mno, hata chembe ya vumbi haipiti. Kichwa kikiharibika hutafuta njia yake, hukosa, hurudi, hutafuta tena, na hapo ndipo mlio ule hutokea. Kikiangukia kisahani hukikwaruza, na palipokwaruzika hapasomeki tena na mtu yeyote. Basi kila dakika diski mgonjwa inapozunguka ni dakika ya hatari. Izime, na usiiwashe mpaka ujue unachotaka kufanya.

Yako mambo mengine ambayo watu huyafanya kwa haraka wakaongeza hasara. Kompyuta ikiuliza kama ifomati diski, kataa. Usiweke Windows upya juu yake. Usiendeshe programu za kurekebisha diski, kwa maana hizo huandika juu ya kitu ambacho hakina nguvu ya kuandikwa. Kuna na wanaoshauri diski ifungwe katika mfuko wa plastiki na kulazwa ndani ya friji. Sisi hatuoni faida yake. Ikitolewa hushika unyevu, na maji na visahani vile havipatani. Na asiifungue mtu yeyote mezani kwake, hata awe fundi hodari namna gani, maana vumbi la kawaida la chumbani linatosha kuimaliza.

Njia iliyo njema, kama diski ingali inasomeka ijapokuwa kwa shida, ni kunakili kwanza na kutibu baadaye. Fundi huchukua diski nyingine nzima, yenye ukubwa sawa au zaidi, akahamishia humo kila kinachosomeka. Iko programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyotungwa na Antonio Diaz Diaz, nayo imekuwapo tangu mwaka 2004. Uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza sehemu nzima zinazosomeka kwa urahisi, ikaruka zile mbovu na kuzirudia mwishoni. Huweka pia kumbukumbu ya ilipofika, hivyo kazi huweza kusimamishwa na kuendelea kesho. Baada ya hapo diski mgonjwa huwekwa kando, na kazi yote hufanywa juu ya nakala. Hata kama majina ya mafaili yameharibika, programu kama PhotoRec huweza kuzitambua picha kwa umbo lake. Zitarudi bila majina wala mpangilio, nawe utakuwa na kazi ya kuzichambua jioni nyingi, lakini zitarudi.

Diski inayogonga, hata hivyo, mara nyingi imeumia mwilini, na programu peke yake haitoshi. Hiyo huhitaji karakana yenye chumba kisicho na vumbi. Mafundi wa namna hiyo ni wachache, na kazi yao ni ya ghali; bei huweza kupita ile ya kompyuta yenyewe. Kazi yao lakini ni ya ajabu. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilipovunjika tarehe 1 Februari 2003 na watu 7 wakafa, diski moja iliyoungua ilipatikana katika mabaki. Kampuni ya Kroll Ontrack ilisafisha visahani vyake na kurudisha karibu habari zote za jaribio la kisayansi lililofanywa angani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Diski nyingine 2 za chombo hicho hicho hazikutoa kitu.

Kabla ya kulipa fedha hizo, kaa chini uhesabu ni nini hasa kisichopatikana mahali pengine. Michango ya kikundi huweza kuandikwa upya kutoka stakabadhi, karatasi za benki na vitabu vya wanachama. Ni kazi ya kuchosha, lakini inawezekana. Picha za mama ni jambo jingine. Uliza kwanza ndugu zako, huenda ziko katika simu za wadogo zako au zilitumwa kwa shangazi. Zile zisizopatikana popote ndizo za kulipia, na fundi aambiwe aanze na hizo. Filamu za watoto zisubiri.

Tena, chagua fundi kwa uangalifu. Katika hesabu za kikundi yamo majina ya akina mama na madeni yao, mambo ambayo hayafai kusomwa dukani. Mwombe asinakili kingine kwake, na diski mbovu uirudishe nyumbani, usimwachie.

Kwa wasomaji wengine ambao kompyuta zao ni nzima, kumbukeni kwamba Yusufu alijaza maghala wakati wa shibe. Hasa wenye kompyuta mpya za diski zisizo na visahani wasitegemee mlio wa kuwaonya. Hizo huweza kufa kimya kimya. Hesabu za kikundi ni faili ndogo sana. Kila mwisho wa mwezi katibu azitie kwenye flashi na kuzituma pia kwa barua pepe, na flashi hiyo ikae kwa mtunza hazina, nyumba nyingine kabisa, kwa sababu mwizi akichukua kompyuta huchukua na flashi iliyochomekwa.