Chuma Kilichofungwa Nguzoni

Kwa wiki mbili mtaa wetu hapa Dar es Salaam ulikuwa na mjadala mkali kuliko semina nyingi nilizowahi kuendesha. Kwenye nguzo ya umeme iliyo jirani na kijiwe cha bodaboda kulikuwa kumefungwa chuma cha rangi ya bati, kikubwa kama ungo, chenye umbo la msalaba wenye ncha zilizojikunja, na waya mweusi umezungushwa juu yake mara nyingi. Waliokifunga walikuja asubuhi na gari lisilo na maandishi, wakapanda, wakaondoka bila kusema neno.

Majibu hayakukosekana. Kijana mmoja alisema ni kinasa sauti. Mama muuza chapati aliamini ndicho kinachomletea maumivu ya kichwa. Mzee wa nyumba ya pili akakumbusha habari za mumiani. Ijumaa jioni vijana wawili walileta ngazi ili wakishushe, wakisema wanalinda mtaa. Nguzo hiyo hiyo inabeba umeme. Niliwasihi wasubiri. "Basi Dokta, tuambie wewe ni nini," mmoja alinijibu. Sikuwa na jibu.

Mtendaji wa mtaa naye hakuwa na barua yoyote. Aliyenitoa gizani ni fundi niliyemkuta nguzo ya tatu mbele, akifunga kingine kama hicho. Ni kishikio cha akiba ya mkongo wa mawasiliano. Ndani ya waya ule mna nyuzi za kioo, nyembamba mithili ya unywele, zinazopitisha taarifa kwa mwanga. Zikikunjwa kwa pembe kali mwanga huvuja, au uzi hukatika kabisa. Ndiyo sababu waya huzungushwa kwa duara pana. Akiba huachwa ili lori likiukata, mafundi wapate urefu wa kutosha kuushusha chini na kuunganisha uzi kwa uzi, kwa mashine inayoyeyusha ncha mbili zikashikana. Chuma chenyewe hakina kamera wala betri. Maelezo yote yalichukua dakika tano.

Wasomi wenzangu niliowasimulia walicheka. Mimi sioni la kuchekesha. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukulia simulizi za mumiani, pamoja na zile zilizowatuhumu wazimamoto kunyonya damu, kuwa ushahidi wa namna watu walivyouelewa utawala wa kikoloni. Wala si suala la elimu: Aprili 2020 milingoti ya simu ilichomwa moto Uingereza, kwa imani kwamba inaeneza korona. Nasi tulishuhudia intaneti ikizimika nchini kote Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Aliyeyaona hayo akiuliza ni nani aliye upande wa pili wa waya, amekosea kuhusu chuma tu.

Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na tangu mwaka 2016 tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Ninachodai ni kidogo mno: kibao chenye jina la mmiliki, kazi ya kifaa na namba ya simu, kwa Kiswahili, na barua kwa mtendaji kabla ya kazi kuanza. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua kwamba hilo halihitaji bajeti mpya. Kuandika nguzoni tunaweza. Neno HATARI na picha ya fuvu havijawahi kutushinda. Na kwenye nguzo ile ninayoisema, mganga wa kienyeji amebandika tangazo lake, lenye namba mbili za simu.

Jumatatu nilipeleka ombi la maandishi kwa wanaohusika. Jibu halijafika, na ngazi ya wale vijana bado imeegemezwa ukutani, nyuma ya kijiwe.