BARAZA LA MWALIMU: Paa, Upepo na Daftari



Ndugu wasomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya kile kilicho juu ya vichwa vyetu, yaani paa, na juu ya haki ya mwenye nyumba pale upepo unapolichukua. Msimu wa tufani katika nchi hii huanza na vuli na kuendelea mpaka mwanzo wa masika, na kila mwaka huja kwetu wazee na akina mama wakiwa na barua za kampuni za bima mkononi, wasijue wazijibu vipi.

Sisi tukaao Sparkbrook, Balsall Heath na mitaa ya jirani hatuna haja ya kusimuliwa nguvu za upepo. Mnamo tarehe 28 Julai 2005, mchana wa saa nane na nusu hivi, upepo wa chamchela ulipita katika mitaa hiyo. Uliezua mapaa, ukaangusha madohani, ukang'oa miti ipatayo elfu moja, na ukaivunjia shule ya msingi ya Ladypool mnara wake. Watu wapatao 19 walijeruhiwa. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, hakufa mtu. Hasara ilikadiriwa kufikia pauni milioni 40. Yote hayo yalikuwa kazi ya dakika chache tu.

Huko kwetu pwani, upepo ukiezua nyumba ya makuti, majirani hukusanyika. Huyu huleta makuti, yule kamba, kina mama hupika, na jioni mwenye nyumba hulala chini ya paa. Hakuna aulizwaye risiti, kwa sababu kila mtu anajua paa lile lilikuwa na hali gani jana. Hapa ugenini ujima wa namna hiyo umetiwa katika mkataba. Maelfu ya watu wasiojuana huchanga, na anayefikwa na msiba hulipwa kutokana na michango hiyo. Lakini mshika mfuko hakujui wewe wala paa lako. Anachokijua ni karatasi. Ndipo ule msemo wa wahenga, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, unapokuwa na maana kubwa kuliko tulivyodhani tulipofundishwa utotoni.

Najua wapo miongoni mwetu wenye shaka na bima yenyewe. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lenye makao yake Jeddah lilitoa uamuzi mwaka 1985 kwamba bima ya kibiashara haifai, na likaelekeza kwenye bima ya kushirikiana. Wako wanazuoni wengine wanaoiruhusu penye haja au shuruti. Hilo tuwaachie masheikh wetu, na kila mtu amwulize yule anayemwamini. Lakini nataka tuone jambo moja. Aliyenunua nyumba kwa fedha za benki, hata benki ya Kiislamu, kwa kawaida hushurutishwa kuikatia jengo bima. Aliyedunduliza miaka thelathini akanunua kwa fedha taslimu ili aepukane na riba, huyo hana wa kumshurutisha. Kwa hiyo mara nyingi yule mwenye akiba yote ndani ya kuta nne ndiye asiye na kinga yoyote. Na aishiye katika nyumba ya kupanga ajue kuwa paa ni juu ya mwenye nyumba, iwe halmashauri ya jiji au mtu binafsi, ila vitu vilivyomo ndani ni juu yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye utaratibu. Tuseme tufani imepita usiku, vigae vimeanguka, na maji yanatona chumbani. Ufanye nini?

Kwanza, salimisha watu. Usipande juu ya paa, wala usimruhusu kijana wako apande. Kama maji yamekaribia taa au waya, zima umeme wote. Kisha piga picha nyingi, za nje na za ndani, kabla hujagusa kitu.

Pili, zuia hasara isizidi. Mkataba unakutaka ufanye hivyo. Mwite fundi afunike kwa turubai, na utunze risiti yake, kwani gharama ya kuziba kwa muda kwa kawaida huhesabiwa katika dai. Usitupe vigae vilivyovunjika wala zulia lililoloa mpaka kampuni iseme imeridhika. Na jihadhari na mafundi wabisha hodi, wale wajao asubuhi ya pili wakisema wameona paa lako lina hatari na wanataka fedha mkononi.

Tatu, ipigie simu kampuni mapema, kabla ya matengenezo ya kudumu. Andika daftarini tarehe, saa, jina la aliyekupokea, nambari ya dai na maneno mliyokubaliana. Soma hati yako uone kiasi cha kwanza ambacho ni juu yako mwenyewe kulipa. Ikiwa hasara ni pauni 900 na kiasi chako ni 250, utalipwa 650. Ikiwa hasara ni 300, utapata 50 tu, na dai hilo litabaki katika kumbukumbu na huenda likapandisha ada ya mwaka ujao. Fanya hesabu kwanza.

Nne, kusanya ushahidi. Tangu mwaka 2015 idara ya hali ya hewa, Met Office, huzipa tufani kubwa majina, kama Eunice ya Februari 2022 au Darragh ya Desemba 2024. Andika jina na tarehe. Kampuni nyingi hufuata kipimo cha chama cha kampuni za bima, kwamba upepo wa tufani ni ule ambao mivumo yake imefikia maili 55 kwa saa. Mwombe fundi akuandikie ripoti, na ripoti hiyo iseme sababu ya madhara, si bei ya kazi peke yake.

Tano, na hapa naomba msome kwa makini, ni siku ya kuja mkaguzi wa kampuni. Sisi tumelelewa kudunisha vyetu mbele ya mgeni. Mgeni akisifu nyumba, twasema, "Ah, kibanda tu hiki, kimeshachakaa." Kwetu hayo ni adabu, na msikilizaji anajua kuwa ni adabu. Mkaguzi hajui. Yeye huandika kwamba mwenye nyumba amekiri paa limechakaa, na uchakavu ndio sababu ya kwanza ambayo kampuni hukatalia madai. Mzee mmoja wa Small Heath, fundi seremala hodari katika ujana wake, alimwambia mkaguzi kwa heshima kwamba nyumba hii ni kongwe kama yeye. Barua ya kukataa ilikuja na maneno yake mwenyewe ndani yake. Basi jibu ulilojua, kwa ukweli na kwa ufupi. Usilolijua, sema hulijui. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, muweke mtu mzima akufasirie, si mtoto wa darasa la tano.

Sita, msiongeze chumvi. Wapo watakaokushauri uingize na zulia la zamani, "kwani kampuni ni tajiri." Sheria ya Bima ya mwaka 2015 imeipa kampuni haki ya kukataa dai zima la udanganyifu, kudai irudishiwe ilichokwisha kulipa kwa dai hilo, na hata kuuvunja mkataba. Mtu anaweza kupoteza paa kwa ajili ya zulia. Juu ya hayo, fedha ile ni michango ya watu, na mchango wa watu ni amana. Tungemwonaje mtu aliyechukua makuti mia ya majirani na huku paa lake limepoteza kumi?

Saba, dai likikataliwa, msikate tamaa. Barua ya kwanza si hukumu ya kadhi. Andikeni malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe, nayo ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Likija jibu lisiloridhisha, au wiki hizo zikipita bila jibu, mnaweza kwenda kwa Financial Ombudsman Service, simu 0800 023 4567. Huduma yao ni bure, haihitaji wakili wala dalali anayetaka fungu lake. Ila msichelewe, kwani muda wa kupeleka shauri ni miezi 6 tangu tarehe ya jibu hilo. Huko huulizwa maswali matatu: Je, siku hiyo palikuwa na tufani? Je, madhara haya ni ya namna isababishwayo na tufani? Je, tufani ndiyo iliyokuwa sababu kubwa? Mkijenga barua yenu juu ya maswali hayo matatu, mtakuwa mmesema kila lililo la lazima. Tena angalieni kama hati yenu ina kinga ya ajali za ndani ya nyumba. Pengine paa likikataliwa kwa uchakavu, dari na kuta zilizoharibiwa na maji zikalipwa chini ya kifungu hicho.

Yule mzee wa Small Heath alifanya hivyo. Alikuwa na risiti ya fundi aliyemtengenezea paa miaka minne nyuma, na picha ya harusi ya binti yake iliyopigwa mbele ya nyumba, vigae vyote vikionekana vimekaa sawasawa. Kampuni ililitazama upya shauri lake na ikalipa. Picha ya arusi ikawa shahidi wa paa!

Jambo la mwisho linatuhusu sana sisi wasafiri. Mikataba mingi hupunguza au kuondoa sehemu ya kinga nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30, na baadhi 60. Anayekwenda Unguja, Mombasa au Maskati kwa miezi miwili aiarifu kampuni kabla ya kuondoka, na amwachie ndugu ufunguo apite kutazama.

Basi kabla pepo za mwaka huu hazijaanza, naomba kila nyumba itenge saa moja ya Jumamosi. Tafuteni hati ya bima muisome, au mpeni kijana aliyesoma awasomee. Simameni ng'ambo ya barabara mlipige picha paa lenu. Mkiona kigae kimeteleza au mfereji wa mvua umeziba, mwiteni fundi sasa, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kisha nunueni daftari la senti chache, mtie humo risiti, picha na tarehe, na mliweke mahali ambapo hata asiyekuwa baba wa nyumba ataliona. Wajane wangapi wamehangaika kwa sababu marehemu alikuwa na kila karatasi, ila alijua yeye peke yake zilipo?

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu